Vitu Havijatosha

Ukitaka kujua kwamba Mpima ameingia ofisini kwangu, hukuwa na haja ya kusikiliza mlango. Ulisikiliza meza. Kwanza ilitua miwani. Kisha penseli ya seremala, ambayo aliichonga kwa kisu na si kwa kichongeo. Kisha futi ya kukunja, kitambaa cha jasho, na mwisho kabisa soksi ya kijivu iliyobeba kalkuleta. Vyote vikishapangwa juu ya meza ya wateja bila kugusana, ndipo alipokaa, akavuta pumzi na kusema amekuja kufanya nini. Shikamoo yangu aliiitikia katikati ya penseli na futi, "Marahaba, mama," bila kuinua uso, kwa sababu alikuwa hajamaliza kuweka.

Namwita Mpima kwa kuwa ndivyo Mikumi nzima ilivyomwita. Jina lake la ubatizo nalijua na nitaliacha hukohuko kanisani. Alikuwa mpima wa shamba la mkonge upande wa Kilosa, mtu wa kamba, vigingi na darubini ya miguu mitatu, mpaka shamba lilipouzwa. Mimi nilimfahamu baada ya hapo, alipokuja kupanga chumba nyuma ya ofisi yangu ya uchapaji, pale kando ya barabara kuu, akiwa na begi moja. Mkewe alikuwa kwa kaka yake mwenyewe, kule Berega. Na miaka yote niliyomjua, hata alipokuwa akipima viwanja vya watu na kukadiria gesti za watu, Mpima alikuwa na kazi moja tu moyoni: kujenga nyumba Kilosa ili mkewe arudi. Hilo nalisema mapema, maana huko mbele nitaongea habari za mashine, na sitaki mtu adhani naandika habari za mashine.

Kwa mama ntilie wa stendi alikuwa mgogoro wa kila asubuhi.

"Sukari," alisema akikaa kwenye benchi. Mama ntilie alingoja. "Maziwa kidogo. Kikombe cha bati, si cha plastiki." Mama ntilie aliendelea kungoja, mkono kiunoni, na abiria wa basi la Iringa wanapiga kelele wahudumiwe kabla dereva hajapiga honi. "Chai," akamaliza Mpima.

"Baba, we si ungeanza na chai?"

"Ningeanza na chai ungeshanimiminia kabla hujajua ni ya namna gani."

Alikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichomkera yule mama. Baadaye alizoea. Akimwona anavuka barabara, akitazama kushoto, kulia, kisha kushoto tena kwa ajili ya malori, alipaza sauti kwa wateja wote: "Anakuja huyo, mzee wa sukari kwanza!" Mpima alitabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Hakuwa mtu wa kukasirikia utani.

Tabia hiyo sijui kama aliitoa kwenye ile kalkuleta au kalkuleta ilimpata akiwa nayo tayari. Aliachiwa na injinia mmoja mgeni wa shamba, aliyekuwa akirejea kwao. Ilikuwa nzito, rangi ya kahawa, na haikuwa na alama ya sawasawa. Kila aliyeiazima aliirudisha na pole.

"Mzee, imekufa kitufe."

"Kitufe gani?"

"Cha jibu."

"Jibu halina kitufe," alisema, akairudisha kwenye soksi.

Mimi alinifundisha kwa sahani za mama ntilie, zile za bati, mchana mmoja wateja walipokuwa wamepungua. Aliweka sahani moja mezani. "Hii mbili." Akaweka nyingine juu yake. "Hii tatu." Kisha akanyamaza, mikono mapajani. "Hapa hakuna swali bado, mama. Kuna vitu tu. Vimekaa, vinangoja." Halafu akasema, "Jumlisha," akazinyanyua zote mbili na kurudisha moja. "Hii tano. Nayo inangoja." Hiyo ndiyo siri yote ya kalkuleta ile. Namba zinapangwa moja juu ya nyingine, na alama inakuja mwisho. Ikija, inachukua mbili za juu, inarudisha moja, na iliyokuwa chini inaendelea kungoja zamu yake. Hapatakiwi mabano wala sawasawa.

"Ninyi wa shuleni mnasema mbili jumlisha, halafu ndiyo mnaanza kutafuta cha kujumlisha," aliniambia. "Je, kama hakuna?"

"Na mimi nijumlishie hizo kwenye beseni," alisema mama ntilie. "Nazo zinangoja, zinangoja kuoshwa."

Hiyo ilikuwa miaka mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine. Redioni waliita soko huria. Kwetu barabarani ilimaanisha gesti mpya, baa mpya, marobota ya mitumba, na malori mengi zaidi yakielekea Zambia. Mimi mwenyewe nilikula matunda yake, maana kompyuta yangu niliinunua kuukuu kutoka mradi mmoja uliofungwa Morogoro, na bila wale wenye gesti na baa nisingekuwa na wa kuwachapia orodha za vyakula. Lakini kwa wafanyakazi wa shamba la Mpima ilimaanisha mwenye mali mpya, na mwenye mali mpya alitaka nyumba zake zirudishwe tupu.

Yaliyotokea nyumbani kwao siku zile nilisimuliwa na mkewe, si yeye. Alimwuliza mumewe, "Sasa tunakwenda wapi?" Mpima akaanza kupanga. Kuna chumba Kilosa mjini. Kuna Mikumi, watu wanajenga. Kuna Kilangali, shamba la mbegu, labda wanataka watu. Kuna kwa kaka yako, Berega. Kisha akanyamaza. Kesho yake aliulizwa tena, akavipanga vilevile, kwa utaratibu uleule, akanyamaza tena. Siku lori la kuhamisha vyombo lilipofika, dereva alitaka kujua anaelekea wapi, na Mpima alikuwa bado anafikiri. Mkewe ndiye aliyesema, "Berega."

"Alidhani nimechagua," aliniambia yule mama. "Mimi nilikuwa nangoja aseme usiende."

Nisimfanye kuwa mtu wa huzuni tu, maana hakuwa hivyo. Alikuwa na vituko. Mtu aliyeweza kukuambia ukuta umepinda kwa kuutazama tu akiwa ng'ambo ya barabara, alifunga vifungo vya shati lake vikapishana kila siku ya Mungu, na mchana kutwa alitembea na kola moja juu na nyingine chini. Hakuvumilia mtu anayekadiria kwa macho, lakini chumvi aliitia kwenye mboga kwa kufumba macho, na mboga yake ilikuwa hailiki. Aliwaogopa sana nyani wanaokaa kando ya barabara ya mbugani, akidai wanamjua kwa sura. Mvua ikianza kunyesha alitoka nje ya chumba chake na kuisikiliza juu ya bati, halafu akaniambia, "Maji hayo, mama, yote yanakwenda bure."

Na kulikuwa na mpira. Jumapili mchana redio ilipotangaza mechi, Mpima huyuhuyu wa vitu kwanza aligeuka mtu mwingine. Alisimama, akaishika redio kwa mikono miwili na kuikaripia. "Piga! Toa pasi! Rudi! Rudi nyuma, we beki, rudi!" Sauti yake ilifika mpaka kwenye vibanda vya wauza vitunguu. Hakuna kupanga, hakuna kungoja. Mechi ikiisha alikaa, akafuta jasho, na ukimwuliza matokeo alianza na hali ya uwanja.

Sasa nifike kwenye mashine. Nyumba ya Kilosa, kule Mabwerebwere, ilianza kwenye kompyuta yangu kabla haijaanza kwenye kiwanja. Alikuwa akija jioni mapema, wateja wakiisha, ananiandikisha maelezo yake chumba kwa chumba: msingi, kuta, lenta, madirisha, mabati, mfereji wa kukinga maji ya paa, tangi la kuyahifadhi. Kila mstari ulikuwa na hesabu yake. Alisimama katikati ya sentensi, akatoa kalkuleta kwenye soksi, akakokotoa, akanitajia jibu, akairudisha kwenye soksi. Tatizo ni kwamba kalkuleta ilikuwa inazeeka. Vijistari vinavyounda namba kwenye kioo chake vilikuwa vinakufa kimoja kimoja. Nane ikawa inafanana na sita, halafu sita yenyewe ikawa haisomeki. Alianza kuhakikisha kila jibu kwa penseli, na nilimwona anavyoumia.

"Kompyuta hii inajua hesabu?" aliniuliza siku moja.

"Inajua, mzee."

"Basi kwa nini natoka kwenye maneno, naenda kukokotoa nje, kisha narudi tena kwenye maneno? Mtu akipima kiwanja hatoki nje ya kiwanja kwenda kufikiri."

Nilikuwa nimesomea uandishi wa programu Dar es Salaam, katika chuo kimoja cha ghorofani ambapo mashine zilikuwa chache kuliko wanafunzi, na tangu nirudi Mikumi sikuwa nimepata pa kuutumia. Kazi yangu ilikuwa barua za maombi na mitihani ya shule za msingi. Lakini programu yangu ya kuandikia, kwa bahati, iliruhusu mtu anayeijua lugha yake kuiongezea kazi mpya. Nikamwambia Mpima nitamwekea kalkuleta humohumo ndani ya ukurasa. Nilifurahi kuombwa. Sijui kama nilimwambia hivyo.

Ya kwanza niliyomtengenezea ilikuwa ya kawaida: andika namba, alama, namba, bonyeza, jibu hilo. Nilijivuna nayo. Alikaa, akaitazama, akaandika namba moja na kusita.

"Hii inataka niseme nafanya nini kabla sijaleta vitu vyote," alisema kwa upole, akaanza kukusanya miwani na penseli yake.

Nikairudia upya, safari hii kwa mtindo wa sahani. Nilipomaliza alikaa tena, akaandika "Juu ya mlango wa mbele", akaweka kimo cha ukuta, futi tisa, akaweka kimo cha mlango, futi saba, akaweka alama ya kutoa, akabonyeza. Ikaja mbili hasi. Aliinamia kioo mpaka miwani ikakigusa.

"Mama, ukuta wangu umeingia ardhini."

Nilitaka kujificha. Nikatafuta kosa kwenye amri zangu mchana kutwa, na yeye ndiye aliyeligundua, akiwa amekaa tu, anasogeza vikombe viwili mezani. Mashine inaokota ya juu kwanza, na ya juu ilikuwa mlango. "Umetoa ukuta kwenye mlango," alisema. "Toa mlango kwenye ukuta." Tulicheka mpaka mama ntilie akatuma mtu kuja kuuliza kuna nini.

Ilipokaa sawa, aliijaribu kwa vidole viwili, polepole. Maneno, namba, namba, alama, kitufe. Zile namba zilimezwa na jibu likabaki palepale kwenye mstari, likifuatwa na kile kistari kinachopepesa, tayari kwa neno jingine. Mpima aliigonga kompyuta begani, namaanisha pale juu pembeni, kama mtu anavyompongeza mwenzake.

"Inangoja," alisema. "Inajua kungoja."

Kwa ukamilifu nilimwonyesha na kinachotokea mtu akikosea. Niliweka namba moja tu, nikabonyeza alama ya kujumlisha. Likatokea neno KOSA kwa herufi kubwa. Uso ulimbadilika.

"Nani kakosa?"

"Anayetumia, mzee."

"Hajakosa. Ameleta kimoja, panatakiwa viwili. Vitu havijatosha, basi. Mwambie hivyo, na umwambie kwa adabu. Huwezi kumkaripia mtu kwa sababu ana kimoja."

Nikafuta KOSA, nikaandika: *Vitu havijatosha, mama. Ongeza kimoja.* Lile "mama" nililitia kumtania, maana ndivyo alivyoongea na kila mwanamke, mkubwa kwa mdogo. Aliusoma mstari huo, akatikisa kichwa, akauacha. Ujumbe huo niliuona mimi mara nyingi na wateja wangu wachache waliojaribu. Yeye haukuwahi kumtokea, maana hakuwahi kuweka alama kabla ya vitu kutimia.

Nyumba ilipanda kidogo kidogo. Akipata kazi ya kupima, matofali. Asipopata, anangoja. Katika kungoja huko nikapata safari ya Berega, shangazi yangu alikuwa amelazwa kwenye hospitali ya misheni. Mpima aliposikia alileta vitu mezani kwangu: vipande vya sabuni, sukari, doti ya khanga, kopo la mafuta ya nazi. Akavipanga, havigusani.

"Nimwambie nini?" nilimwuliza.

"Mwambie vimefika."

Mkewe nilimkuta anaanika mtama uani kwa kaka yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye macho ya mtu anayekusikiliza kabla hujasema. Nilimwamkia, akanikaribisha, akafungua mzigo kimoja kimoja. Khanga aliinusa. Kisha akakung'uta mfuko uliokuwa tupu na kuchungulia ndani.

"Na maneno yako wapi?"

Ndipo aliponisimulia habari ya lori. Hakuwa na uchungu wa kelele, alicheka hata, na hicho ndicho kilichonichoma. Aliuliza kama Mpima bado anasikiliza mpira. Nikamwambia anasikiliza, na vibanda vyote vinasikia.

"Eeh," alisema. "Mabeki wa redioni, watu asiowajua, kila Jumapili anawaambia rudi. Mimi hajaniambia hata mara moja." Akakunja khanga vizuri, akaiweka mapajani. "Mwanangu, kamwambie hivi. Akija hata leo, nyumba haina hata paa, akaniambia rudi, nafunga mzigo wangu jioni hiihii. Kamwambie. Usisahau."

Sikusahau. Nilimwambia neno kwa neno, siku ileile niliyorudi, kabla hata sijafungua ofisi. Alinisikiliza amesimama.

"Milango bado," alisema.

"Mzee! Yule mama anaolewa na mlango?"

Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya siku hiyo, na mtu wa rika langu hapaswi. Hakunikemea. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko miwani yenyewe.

"Alishatolewa nyumba moja," alisema. "Nikimwita, namwita mahali anapoweza kufunga kwa ndani na asije mtu kumwambia toka. Paa lipo. Milango bado. Ikitimia, nitakwenda."

Ningefanya nini? Kwa akili zake alikuwa anampenda. Kwa akili zangu pia alikuwa anampenda. Nilirudi kwenye mtihani wa darasa la saba niliokuwa nachapa, na nilikosea kila mstari.

Milango ilikuja, ya mninga, kutoka kwa seremala wa Kilosa mjini. Akaweka wa mbele, akaweka wa vyumba. Asubuhi moja aliingia ofisini kwangu na shati jipya, na kwa mara ya kwanza vifungo vyote vilikuwa kwenye matundu yake. Alipanga vitu vyake mezani, na mwisho wa vyote akaweka bawaba mbili mpya, zimefungwa kwenye karatasi.

"Hizi za mlango wa nyuma," alisema. "Jumapili nakwenda Berega."

"Jumapili kuna mpira, mzee," nilimtania.

"Jumapili sina haja ya mpira."

Alhamisi kondakta wa basi la Kilosa aliteremka na ujumbe aliopokezwa stendi na mtu aliyetoka Dumila. Simu zilikuwa za posta tu wakati ule, habari zilisafiri kwa midomo ya makondakta. Mke wa Mpima alikuwa ameshikwa na homa mwanzoni mwa wiki. Walimpeleka hospitali, wakajitahidi naye, na Jumatano akafariki. Kondakta aliitoa habari kwangu kwa sababu hakuthubutu kwenda kugonga mlango wa nyuma ya ofisi. Nikaenda mimi. Mpima alikuwa anachonga penseli. Nilipomaliza kusema aliendelea kuichonga, mpaka ikabaki fupi isiyoshikika.

Tulikwenda Berega kuzika. Alitupa udongo wake, akasimama pembeni, akapeana mikono na kila aliyekuja. Wakati wa kurudi mimi nililia njia nzima, na nasema kweli nililia kwa hasira kuliko kwa kitu kingine. Vitu vyote alikuwa navyo. Paa, milango, tangi lililokwisha kupigiwa hesabu, khanga, sabuni, na mke aliyekuwa tayari kufunga mzigo jioni hiyohiyo. Vyote vilikuwa vimekaa vinangoja, na mtu mwenye neno lake alikuwa anatafuta bawaba.

Alihamia Mabwerebwere peke yake. Chumba cha nyuma ya ofisi nikampangisha fundi cherehani. Msimu mzima sikumwona, nikawa nasikia tu kwa makondakta: yupo, anapita sokoni, anasalimia.

Kisha akaja. Ilikuwa asubuhi, kiangazi kimeanza, vumbi la malori limetanda barabara nzima. Nilikuwa nimeinama nachapa, na nilishtuka kumwona amesimama mbele yangu, kwa sababu meza haikulia. Miwani ilikuwa usoni. Soksi ya kijivu ilikuwa imechungulia mfukoni, hakuitoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama," akaitika papohapo, akinitazama.

Alisema fundi wake amefika kwenye tangi la maji ya paa. Kitako kimeshamwagwa, na fundi kamwuliza, mzee, tangi liwe la watu wangapi. Alipanda basi kuja Mikumi kukokotoa. Mtu aliyeweza kuzidisha namba kichwani akiwa anavuka barabara alisafiri kutoka Kilosa kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili angeifanya kwa vidole. Sikumwambia hivyo. Nilimpisha kiti.

Nikamfungulia maelezo ya nyumba. Yalikuwa palepale tulipoyaacha, mpaka mstari wa tangi: maji ya mtu mmoja kwa siku, watu wawili, siku za kiangazi. Akafuta ule mstari wote. Akaandika upya, vidole viwili: lita ishirini. Kidole kikaenda kwenye vitufe vya namba, kikakaa hewani. Nikadhani anaitafuta moja. Hakuibonyeza. Aliweka alama ya kuzidisha, akabonyeza kitufe.

*Vitu havijatosha, mama. Ongeza kimoja.*

Nilikuwa nimeusahau ujumbe ule. Laiti ningeukumbuka asubuhi hiyo ningeufuta kabla hajakaa. Aliusoma, midomo ikicheza. Akabonyeza tena. Ukaja uleule. Akabonyeza tena.

"Weka moja, mzee," nilisema. "Ishirini mara moja."

"Moja haizidishi kitu," alisema. "Inabaki ishirini ileile."

Nje lori lilikuwa linapunguza mwendo, likitoa ule mlio mrefu wa breki. Mpima aliendelea kutazama kile kistari kinachopepesa. Nilimwekea mkono begani, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, na bega lilikuwa mfupa mtupu chini ya shati. Vifungo vilikuwa vimepishana tena.

"Nipeleke," alisema.

Nilingoja apange. Miaka yote ile nilikuwa nimezoea kwanza nisikie basi, nauli, saa, njia. Hakupanga chochote. Ikabidi nimwulize.

"Wapi, mzee?"

"Berega."

Nilifunga ofisi, na wateja wawili waliokuwa wakingoja niliwaomba radhi. Tulibadilisha basi Kilosa, na pale stendi alimkuta kijana wa fundi wake. Akamwambia kabla hajasalimiwa, "Jengeni la watu wawili." Tukabadilisha tena Dumila. Aliushika mkono wangu kila basi liliporuka shimo, kisha akauachia.

Tulifika jua likiwa bado lipo. Kaburi liko nyuma ya nyumba ya shemeji yake, baada ya uani pale pa kuanikia mtama, limezungushiwa matofali yaliyopangwa na mtu asiyejua kupanga. Nilidhani atayanyoosha. Hakuyagusa. Alisimama mbele yake mikono mitupu, miguu imeachana kidogo, kama anavyosimama mbele ya redio.

"Rudi!" alisema.

Haikuwa sauti ya msibani. Ilikuwa ile ya Jumapili, inayofika mpaka kwenye vibanda vya vitunguu. Kuku walitawanyika. "Rudi! Rudi, mke wangu, rudi!"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Shemeji yake alitoka mbio, peku, shati mkononi, akatukuta tumesimama pale.

"Shemeji! Umefika saa ngapi? Umeniita?"

Mpima aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia, yanapita chini ya miwani mpaka kwenye kola iliyopanda upande mmoja.

"Hapana, shemeji," alisema taratibu. "Si wewe."